Diski Yenye Harusi za Watu

Wanawake wa Mji wa Kale walimwita Yumna kwenye kupamba kwa sababu moja: picha zake hazikuonwa na mwanamume. Wapigaji picha walikuwa tele Mombasa, wengine na kamera kubwa kuliko yake, lakini usiku wa kupamba, sherehe ya bibi harusi na wanawake peke yao, si wa kuingia yeyote. Simu hukusanywa mlangoni. Buibui huvuliwa. Bibi harusi hukaa kwenye kiti chake cha enzi, hina na piko mpaka viwikoni, mabega wazi, nywele zimetengenezwa, na mbele yake mama zake na shangazi zake hucheza kama wasivyocheza popote pengine. Yumna peke yake ndiye aliyeachiwa kupita na kamera. Alipiga mwenyewe, akakata na kuunga video mwenyewe chumbani kwake Kibokoni, komeo limetiwa, kisha akaipeleka mwenyewe na kumkabidhi bibi harusi mkononi. Tangu aachike na kurudi kwa mamake, hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake na ndiyo heshima yake.

Kabla ya Ramadhani stima ilikatika mtaani, na iliporudi ilirudi kwa nguvu ikaiunguza laptopu yake. Fundi wa karibu na Biashara Street aliifungua mbele yake, akanusa, akatikisa kichwa.

"Ubao umeungua, dada. Lakini diski yake nzima. Itoe uitie ndani ya kikasha, hivi vya plastiki vyenye waya, kisha uichomeke kwa kompyuta yoyote. Utaisoma kama flashi."

Fundi alitaka kuitoa palepale. Yumna akakataa, kwa sababu fundi alikuwa mwanamume na ndani ya diski mlikuwa na harusi za miaka. Akairudisha laptopu nyumbani, akaifunga kwa leso, akaipandisha juu ya kabati, akanunua nyingine. Kikasha angekitafuta msimu wa harusi ukipoa. Yale aliyoambiwa na fundi aliyasimulia siku hiyo mezani, mbele ya mamake Bimdogo na mdogo wake Fahmi, jinsi mtu anavyosimulia jambo jipya alilojifunza. Wala hakuwa na wasiwasi. Laptopu ilikuwa na neno la siri, na neno lenyewe alilijua yeye tu.

Idi ikapita. Jumatatu moja asubuhi simu ikalia, namba asiyoijua.

"Wewe ndiye Yumna wa picha za harusi?" Sauti ilikuwa ya mwanamke, na Kiswahili chake cha bara.

"Ndimi."

"Naitwa Trizah. Niko ofisi ya kutoa mizigo hapa Kilindini, tunafanya kazi pamoja na Fahmi. Niko na kitu chako. Ni vizuri ukuje ukichukue wewe mwenyewe."

"Kitu gani?"

"Diski. Iko na harusi zenu. Nimepata namba yako mwanzo wa video."

Yumna alikata simu, akapanda kiti akaishusha laptopu kutoka juu ya kabati. Leso ilikuwa imekunjwa vizuri, vizuri kuliko alivyoikunja yeye. Akaipindua. Kifuniko cha chini kilikuwa hakina skurubu hata moja, na alipokisukuma kwa kidole kilifunguka, na pale diski ilipokuwa ikikaa palikuwa na shimo la mstatili na vumbi.

Alivaa buibui yake akatoka bila kumuaga mamake.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu, imejaa mafaili na makatuni, na madirishani mlionekana vichwa vya malori vikingoja zamu ya kuingia bandarini. Fahmi hakuwepo, alikuwa tarishi, na wakati huo alikuwa amepeleka karatasi forodhani. Trizah alikuwa mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani. Alimpisha Yumna kiti, akavuta droo, akatoa bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na kikasha cheusi, kidogo kuliko kitabu cha dua, na waya mfupi umefungwa kwa mpira.

"Fahmi aliniuzia wiki iliyopita," Trizah akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nataka pahali pa kuweka picha za watoto wangu. Aliniambia ni tupu."

"Uliifungulia wapi?"

"Hapa. Kwa meza yangu."

Yumna akageuka akaitazama ile meza. Ilikuwa katikati ya chumba, na kioo cha kompyuta kilielekea chumba kizima. Nyuma yake palikuwa na meza mbili nyingine, na kwenye meza zote mbili walikaa wanaume.

"Nani mwingine aliona?"

Trizah akavua miwani akaifuta. "Sitakudanganya. Nilifungua moja kuona ni nini. Iliandikwa Fadhiya. Ronny alikuwa amesimama nyuma yangu na chai yake. Nikafunga."

"Kisha?"

"Kisha nikafungua inayofuata."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wamependeza," Trizah akasema. "Sijawahi kuona kitu kama hicho. Halafu nikaona hawa wamama hawana mitandio, na hakuna mwanaume hata mmoja kwa hiyo sherehe, ndio nikaelewa. Nikachomoa waya."

Yumna alijua kwamba mwanamke huyu angeweza kufuta kila kitu akatia picha za wanawe na asimpigie mtu simu. Alijua anapaswa kumshukuru. Shukrani ikakataa kutoka.

"Ulifungua ya pili," akasema. "Na mwanamume kasimama mgongoni kwako."

"Dada, mimi nimenunua kitu na nimekirudisha," Trizah akajibu, naye sasa sauti imeanza kukaza. "Sikuiba. Usinipigie kelele kwa makosa ya ndugu yako."

Kijana wa meza ya nyuma alikuwa amezungusha kiti chake anasikiliza. Alikuwa na tai nyembamba na tabasamu la mtu anayedhani mambo yote yana mzaha wake.

"Ronny ni mimi," akasema. "Lakini hii hasira sielewi. Ni harusi tu. Watu wamevaa vizuri, wanacheza. Hata nywele ni siri?"

"Nywele zako zitangaze upendavyo," Yumna akamwambia. "Za wale hawakukupa."

"Sikuziomba. Zilijileta kwa kompyuta."

"Ulipiga picha kwa simu yako?"

Ronny akacheka, akaitoa simu mfukoni, akaiweka ukingoni mwa meza. "Tafuta."

Yumna aliitazama ile simu bila kuinyoshea mkono. Angeweza kuipekua mpaka magharibi, na akikosa kitu asingejua kama hakikuwepo au kilikwisha kwenda kwingine. Ronny alilijua hilo, na ndiyo maana alikuwa akicheka. Hapo ndipo Yumna alipoielewa hasara yake yote. Diski ilikuwa mkononi mwake, nzima, na bado hangeweza kuapa mbele ya mtu yeyote kwamba imerudi.

Akaitia bahasha ndani ya mkoba. Mlangoni alisimama, akageuka, akamwambia Trizah, "Ahsante kwa kunipigia." Ilitoka kavu kama makoko ya wali, lakini ilitoka.

Fahmi alirudi nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Bimdogo alikuwa amepakua wali na samaki wa kupaka, na Yumna alikuwa amekiweka kile kikasha katikati ya meza, kando ya sahani ya pilipili. Fahmi alikiona kabla hajakaa. Uso wake ukabadilika, kisha akaurudisha.

"Nani alikuruhusu?" Yumna akauliza.

"Wewe. Nilikuuliza laptopu ile wataka kuifanyia nini, ukanambia imekufa."

"Laptopu imekufa. Sikukwambia harusi za watu zimekufa."

"Sikuangalia kitu, wallahi. Nilifungua skurubu, nikaitoa, nikaitia kwenye kikasha, nikaichomeka kazini nione taa yawaka, basi. Sikufungua hata faili moja."

"Ukamwambia Trizah ni tupu."

Fahmi akakaa, akavuta sahani. "Nilidhani neno lako la siri laifunga. Nilidhani ataichomeka imwambie haina kitu, aipange upya kama diski yoyote."

Yumna mwenyewe alikuwa amedhani hivyohivyo miezi yote ile, na hilo lilimuudhi zaidi. Neno la siri lilikuwa kufuli la mlango wa laptopu. Fahmi alikuwa amelibeba sanduku akauacha mlango na kufuli lake, na sanduku lenyewe halikuwa na hata kitasa.

"Mwanamume ameona," akasema. "Ronny. Amemuona Fadhiya."

Bimdogo akaweka mwiko chini. Jina hilo lilikuwa na uzito ndani ya nyumba ile, kwa kuwa Fahmi alikuwa amemposa mdogo wa kike wa Fadhiya, na siku ya kupeleka mahari ilikuwa imekwisha wekwa.

"Amemuona kwa kiasi gani?" Bimdogo akauliza.

"Mama, kwani kuna kiasi?"

"Nakuuliza kwa sababu kuna jambo la kusema na jambo la kusitiri. Yule ni mtu wa bara, hamjui Fadhiya wala hatamjua. Diski imerudi. Mungu amesitiri, nasi tusitiri. Nduguyo amekosa, atakuomba radhi, yaishe."

"Na wewe mwenyewe fikiri," Fahmi akaongeza, akiona mama yuko upande wake. "Ukiyasema haya, nani atakuita tena kwenye kupamba? Utakuwa umejikata mwenyewe. Nani atajua usiposema?"

Yumna alimtazama mdogo wake aliyekuwa akitenga miiba ya samaki ukingoni mwa sahani. Hakuwa na aibu hata chembe. Alikuwa na hofu ya posa yake, na hiyo alikuwa akiifunika kwa huruma juu ya kazi ya dadake.

"Najua mimi," Yumna akasema. "Nimeingia nyumba za watu kwa neno langu. Wamevua buibui kwa neno langu. Sasa wataka nikutane nao Marikiti niwaulize habari za watoto, na huku moyoni najua?"

"Yumna, mwanangu, shusha sauti, majirani."

"Majirani wasikie."

"Njoo ukae ule."

Hakula. Alikichukua kikasha na laptopu yake mpya, akatoka.

Fadhiya alikaa Kuze, ghorofa ya pili, na wakati ule mumewe alikuwa dukani. Alimpokea Yumna kwa furaha, akamuuliza hali, akamuuliza mama, akamuuliza watu wa nyumbani, akataka kumtilia sharubati. Yumna alizijibu salamu zote moja baada ya moja, maana hakuna njia ya kuziruka, kisha akamwomba akae. Akamweleza yote kama yalivyokuwa: laptopu, kikasha, Fahmi, Trizah, Ronny na chai yake. Hakumtetea mtu.

Fadhiya alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Alipokwisha kusikia, alisema jambo moja tu.

"Nataka nikione alichokiona."

Yumna akachomeka waya. Taa ndogo ya buluu ikawaka ubavuni mwa kikasha, na folda zikajipanga kwenye kioo zote, kila bibi harusi kwa jina lake, bila kuulizwa neno lolote la siri. Akaifungua ya Fadhiya. Wakatazama. Bibi harusi akiingizwa kwa vigelegele chini ya leso iliyotandazwa. Shangazi mmoja mzito, mtu wa kuheshimiwa mtaa mzima, akizungusha kiuno huku wenzake wamemzunguka wanampigia makofi. Mama yake Fadhiya akicheka mpaka anajishika mbavu, nywele zake za mvi zimefumuka. Yumna aliikumbuka kila picha na mahali alipokuwa amesimama. Ilikuwa kazi nzuri, pengine nzuri kuliko zake zote, na siku ile hakuweza kuitazama bila kuona bega la kijana mwenye tai.

"Mamangu," Fadhiya akasema polepole. "Mamangu hajawahi kumfungulia kichwa hata shemejiye." Akaifunga laptopu kwa kubamiza kifuniko. "Mimi nilipewa nakala yangu. Hii wewe uliiweka kwa nini?"

"Wengi hupoteza zao. Hurudi kuniomba."

"Mimi nilikuomba uniwekee?"

"La."

"Basi."

Yumna akainama. "Nimekuja kukuambia ufanye unaloona ni haki. Ukitaka kumwambia mumeo, ukitaka kumwambia babako, mimi nitasimama niseme."

"Nimwambie mume wangu?" Fadhiya akauliza, na sasa hasira ikamtoka, si kwa kelele bali kwa kukata kila neno. "Nimwambie, kisha kila akinitazama awe anajiuliza yule mtu aliona nini? Nimwambie babangu amzuie mamangu asiende tena kwenye harusi ya mtu? Amekosa nduguyo, umekosa wewe, na atakayetazamwa vibaya ni mimi. Hapana. Futa hiyo mbele yangu. Kisha kamwambie Fahmi aondoe posa yake kwetu. Mdogo wangu hataolewa na mtu anayeuza asichokijua. Sababu ajitafutie."

Yumna akaifunua tena laptopu akaifuta folda ile. Fadhiya alisimama nyuma ya bega lake mpaka jina lake likatoweka kwenye kioo, na hata hapo akauliza, "Imekwenda kweli?" Yumna akamjibu ukweli, kwamba diski iliyofutwa huweza bado kufufuliwa na mjuzi, na kwamba kabla ya kulala atakuwa ameivunja. Aliivunja magharibi, jikoni kwa mamake, kwa mchi wa kinu, baada ya kuitoa kwenye kikasha chake. Ndani mlikuwa na sahani inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Aliigonga mpaka haikuwa na umbo. Bimdogo alisimama mlangoni akamtazama.

Fahmi aliondoa posa. Alimtuma mjombake akaseme hajawa tayari. Yumna alidhani jambo limefika mwisho wake, lakini haikupita wiki akasikia kwenye duka la mahamri watu wakinong'ona: wale wameona nini kwa msichana yule hata wakarudi nyuma? Kuna jambo, lazima kuna jambo. Msichana mwenyewe, aliyekuwa hajui lolote, alikuwa amejifungia ndani.

Yumna alirudi nyumbani mbio. Alimkuta Fahmi amelala kwenye kiti cha barazani, simu kifuani.

"Inuka."

"Kuna nini tena?"

"Watu wanamsema. Umerudi nyuma ukamwachia aibu yako yeye aivae. Inuka uende kwa babake mwenyewe, kwa miguu yako, si mjomba. Diski usiitaje, Fadhiya hataki. Sema umefanya kosa kubwa, sema umekhini amana ya watu, sema ni wewe usiyemfaa bintiye. Useme mbele ya watu wake ili wakayaseme nje."

"Nijitukane mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na nisipokwenda?"

"Nitakwenda mimi, na mimi nitasema kila kitu, kuanzia skurubu ya kwanza. Kisha Fadhiya atanichukia maisha, na nitakuwa nimestahili, lakini wewe hutabaki umelala hapa."

Bimdogo akatoka jikoni. Alikuwa akilia. "Yumna, huyu ni nduguyo. Una moyo gani?"

"Huohuo ulionizaa nao, mama."

Fahmi alivaa kanzu akaenda. Alichokisema huko hakumwambia mtu, lakini minong'ono ikahama, ikamgeukia yeye, na msichana akaonekana tena Biashara Street na mamake wakichagua leso. Fahmi akahamia kwa rafiki yake Majengo. Akawa anakuja kumuona mama Ijumaa, saa anazojua dadake hayupo.

Yumna aliwaendea wanawake wengine waliokuwa kwenye ile diski, nyumba kwa nyumba, akawaambia. Wa folda ya pili aliyoifungua Trizah, aliyekuwa amehamia Tudor, alilia. Mmoja alimfungia mlango kabla hajamaliza. Mwingine alimshika mkono akamwambia hakuna mwingine ambaye angekuja kusema, na bado harusi ya binamuye aliyokuwa amempa Yumna akaiondoa, akampa mtu mwingine. Kazi zikapungua mpaka akawa anapiga picha za pasipoti karibu na posta. Kwa zile chache zilizobaki, alinunua diski mpya akajifunza kuifunga yenyewe, diski yenyewe, hata ikitolewa na kutiwa kwenye kikasha gani isifunguke bila neno lake. Na bibi harusi akishapokea nakala yake, Yumna alifuta ya kwake mbele ya macho ya mwenyewe. Hasira haikupungua kwa hayo. Kuna siku alipita karibu na Kilindini akamuona kijana mwenye tai nyembamba akivuka barabara na soda mkononi, na ilimbidi asimame mpaka kijana apite. Hakuwa hata na hakika kama ndiye.

Asubuhi ya Idi ya Kuchinja Fahmi alikuja na kanzu mpya, ananukia udi. Alimbusu mama mkono. Kisha akageuka, akasimama mbele ya dadake akitazama chini.

"Assalamu alaikum, dada. Idi njema."

"Wa alaikumu salam," Yumna akamwitikia, kwa sababu salamu ni haki ya mwenye kuitoa. Akaingia chumbani kwake akatia komeo.